Umbali, Mwanga na Lenzi ya Milimita 300



Leo nazungumza na vijana wenye kamera. Nawaona kwenye viwanja vya ligi, nawaona kwenye harusi, na baadhi yao wameanza kupanda magari ya watalii kwenda hifadhini kutafuta picha za wanyama. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON ya mwaka 2027, na kila mwenye kamera anajiuliza siku hizo atakuwa wapi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue lenzi ya milimita ngapi? Mara nyingi anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni, kwamba ndefu zaidi ndiyo bora zaidi. Amemwona mpiga picha wa shirika la habari la nje kando ya uwanja na lenzi nyeupe, nene, iliyoegemezwa kwenye mguu mmoja wa chuma, akaamini kwamba asipokuwa na ile hana kazi.

Kijana wangu, kabla ya milimita kuna maswali mawili. Utasimama wapi? Na utasimama hapo saa ngapi? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, lenzi itajichagua yenyewe, na huenda ikawa ya bei ambayo unaweza kuifikia.

Lenzi ninazozizungumzia ni zile za masafa zisizovuta. Kila moja ina milimita zake na hazibadiliki: 300, 400, 500, 600. Ukitaka simba aonekane mkubwa zaidi, ama gari lisogee ama simba mwenyewe asogee. Ziko pia lenzi za kuvuta, kama zile za 150 hadi 600, ambazo kwa kuzungusha mkono tu zinakutoa mbali zikakuleta karibu. Sizidharau hata kidogo. Za siku hizi zinatoa picha yenye ukali wa kutosha gazeti na hata kalenda, na mtu anayekwenda hifadhini mara moja kwa mwaka atazifurahia. Lakini zina deni moja, nalo ni mwanga. Ile namba inayoandikwa f/4 au f/6.3 ni hesabu ya ukubwa wa tundu: unachukua milimita za lenzi, unazigawa kwa namba hiyo. Lenzi ya 600 yenye f/4 ina tundu la milimita 150. Lenzi ya kuvuta ikifika 600 kwa kawaida inakuwa f/6.3, yaani tundu la milimita 95 hivi. Ya kwanza inapitisha mwanga mara mbili na nusu ya ile ya pili. Mchana wa jua kali tofauti hiyo huisikii. Alfajiri, chui akishuka mtini, utaisikia.

Sasa tuje kwenye umbali. Shika kalamu, maana hesabu yake ni nyepesi na itakuokolea fedha nyingi.

Kihisi cha kamera kubwa, ile wanayoiita fulu fremu, kina upana wa milimita 36. Chukua umbali kati yako na mnyama kwa mita, zidisha kwa 36, kisha gawa kwa milimita za lenzi yako. Utakachopata ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Tembo yuko mita 20 kutoka kwenye gari, jambo la kawaida kabisa pale Tarangire ambako tembo huvuka barabara mbele ya magari. Kwa lenzi ya 600 utapata upana wa mita moja na sentimita 20: jicho, sikio na kipande cha mkonga. Kwa lenzi ya 300 utapata mita mbili na sentimita 40, yaani kichwa chake. Ukimtaka tembo mzima na mtoto wake ubavuni, lenzi zote mbili ni ndefu mno, na mwenzako mwenye lenzi ndogo ya harusi ndiye atakayeondoka na picha.

Simba aliyelala mita 50 ni jambo lingine. Kwa 300 unapata mita sita, simba na nyika yake pande zote. Kwa 600 unapata mita tatu, na hapo simba amejaa. Katika hifadhi za taifa gari linatakiwa kubaki barabarani, kwa hiyo umbali huo anaupanga simba, wewe huna kauli. Ndege wadogo ndio wanaodai urefu hasa. Chozi mwenye sentimita 12, akiwa ametua mita kumi kutoka kwako, kwenye lenzi ya 300 anachukua sehemu moja tu ya kumi ya upana wa picha. Kwenye 600 anachukua sehemu moja ya tano. Kama moyo wako uko kwa ndege, sikuzuii kutafuta 500 au 600. Kama moyo wako uko kwa tembo, twiga na nyumbu, urefu huo utakukera kila siku.

Uwanjani hesabu ni ile ile, na inashangaza watu wengi. Wewe umekaa chini nyuma ya mstari wa goli, na umeisimamisha kamera wima ili mchezaji aenee. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka kwenye mstari. Kwa lenzi ya 300, urefu unaoingia kwenye picha kwa umbali huo ni mita moja na sentimita 32. Mchezaji wa kawaida hatoshi humo. Kwa lenzi ya 400 ni sentimita 99, kiuno kwenda juu. Yaani pale pale magoli yanapofungwa, lenzi unayoitamani inamkata mfungaji miguu na mpira wenyewe. Ubora wa 400 unauona mpira ukiwa katikati ya uwanja, umbali wa mita 50 na zaidi, ambako inakupa watu wawili wanaogombea mpira wakiwa wamejaa vizuri kwenye picha. Ndiyo maana wale wapiga picha wa mashirika unaowaona wana kamera mbili, ya pili ikiwa na lenzi ya 70 hadi 200 iliyolala mapajani, na mpira ukiingia ndani ya boksi wanabadilisha kamera kwa sekunde moja. Mwenye kamera moja hana anasa hiyo. Kwake yeye 300 ni bora kuliko 400, na hata hiyo itamtaka akae nyuma kidogo au kwenye kona.

Na kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Vijana wengi wanaonisikiliza wana kamera zenye kihisi kidogo, si fulu fremu. Upana wa kihisi hicho ni milimita 24 hivi, na kwa Canon ni 22 na ushee. Basi kwenye hesabu yako weka 24 badala ya 36. Lenzi ya 300 kwenye kamera hiyo inakuonyesha kile ambacho mwenye fulu fremu anakiona kwa 450. Simba wa mita 50 anakaa kwenye upana wa mita nne. Tayari una urefu mkubwa mkononi bila kuongeza hata shilingi.

Upande wa mwanga nitakaa zaidi, kwa sababu huko ndiko fedha zinakopotelea.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu: jua likiwa wazi, weka tundu f/16, na shata iwe sekunde moja gawa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 shata ni moja ya mia. Fungua tundu hadi f/4 na shata inapanda mpaka 1/1600 ya sekunde. Mpira wa miguu unahitaji 1/1000 ili mguu na mpira visimame bila kufifia. Kwa hiyo mechi ya mchana, na hata ile ya saa kumi alasiri jua likiwa bado lina nguvu, lenzi ya f/4 inakutosheleza na chenji inabaki. Mtu asikuambie kwamba lazima uwe na f/2.8 kupiga ligi ya mkoa inayochezwa mchana. Si kweli.

Usiku ndipo mambo yanapobadilika. Chini ya taa za uwanja mzuri, tundu la f/2.8 na shata ya 1/1000 kwa kawaida vinakudai ISO 3200 au zaidi. Lenzi ya f/4 itakudai 6400. Lenzi ya kuvuta iliyofika f/5.6 itakudai 12,800, na hapo kamera ya zamani inajaza picha chenga, rangi ya jezi inapotea, uso wa mchezaji unakuwa kama umepakwa matope. Mechi kubwa za kimataifa nyingi huchezwa usiku. Huko f/2.8 ina haki ya bei yake, nami silibishii hilo.

Tena f/2.8 inafanya kazi nyingine ambayo msomaji wa gazeti anaiona bila kujua jina lake. Lenzi ya 400 iliyofunguliwa f/2.8, ikimlenga mchezaji aliye mita 20, inaacha kina cha sentimita 40 hivi tu kikiwa wazi. Mabango ya matangazo, viti vya plastiki, walinzi wenye vizibao vya njano, vyote vinayeyuka nyuma yake, na mchezaji anabaki peke yake. Lenzi ya 300 yenye f/4 kwa umbali huo inaacha kina cha kama mita moja. Si haba. Ukichagua mahali pa kukaa ambapo nyuma ya mchezaji kuna jukwaa lililo mbali, badala ya bango lililo karibu, utapata nusu ya faida hiyo bure.

Hifadhini mwanga una tabia yake. Sisi tuko jirani na ikweta, jua letu halichelewi kupanda. Ule mwanga laini wa asubuhi, ambao ndio wakati simba na fisi bado wako kwenye mwendo, unapita upesi sana. Mwenye f/4 anaanza kazi mapema kuliko mwenye f/6.3, na dakika hizo ndizo alizozifuata. Kisha saa nne ikishapita, ardhi ya Serengeti inachemka na hewa juu ya nyasi inaanza kucheza. Mazigazi hayo hakuna lenzi inayoyatibu, iwe ya bei gani. Ukimpiga duma aliye mita 200 saa sita mchana kwa lenzi ya 600, utapata manyoya yaliyolegea kama yaliyochorwa kwa maji, halafu utailaumu lenzi bila kosa. Saa hizo kapumzike chini ya mti, au tafuta mnyama aliye karibu.

Lenzi hizi zina historia, hata katika ardhi yetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nchi za Kilimanjaro na Umasaini mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa na msafara wa wapagazi waliobeba kamera zake. Mchana alitumia lenzi za masafa, usiku akatumia mwanga wa kulipua unga, na wanyama wengine akawaua kwa bunduki. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905, na picha zake zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaonyesha watu wa Ulaya wanyama wa Afrika wakiwa hai porini. Katika michezo, Zeiss walitoa lenzi ya milimita 180 yenye f/2.8 kwa ajili ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, na mpaka leo wakusanyaji wanaiita Sonnar ya Olimpiki. Mwaka 1962 mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe kuwapiga picha sokwe wa Jane Goodall, na baadaye akaishi miaka mingi Serengeti. Nawataja Schillings na van Lawick kwa sababu picha ambazo dunia inazijua za wanyama wetu, kwa muda mrefu, zimepigwa na watu waliokuja kutoka nje. Wapiga picha wetu wenyewe wapo na ni hodari. Ninataka wawe wengi zaidi.

Uzito nitaugusa kidogo. Lenzi ya Canon ya 400 f/2.8 yenye kituliza mtikisiko, toleo lake la kwanza, lilikuwa na kilo tano na ushee. Toleo la mwaka 2018 lina kilo 2.84. Nikon walitoa mwaka 2015 lenzi ya 300 f/4 yenye gramu 755 tu, kwa kutumia kioo cha miduara kilichotokana na wazo la Mfaransa Fresnel, yule wa taa za minara ya baharini. Ndege ndogo zinazotua Seronera, kule Serengeti, mara nyingi zinakuruhusu kilo 15 kwa mizigo yako yote. Piga hesabu ya nguo, kamera na lenzi kabla ya kufika uwanja wa ndege. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, ndani ya gari haina nafasi. Shona kifuko cha kitambaa kigumu, safiri nacho kikiwa kitupu, ukifika nunua maharage au mchele sokoni ukijaze, ukilaze kwenye dirisha la gari na lenzi juu yake. Na umwombe dereva azime injini. Hakuna kituliza mtikisiko kinachoshindana na injini ya dizeli inayounguruma.

Sasa fedha. Lenzi mpya ya Canon ya 400 f/2.8 kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, zile za mirrorless, ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa karibu dola 12,000 za Marekani. Huo ni mtaji wa biashara nzima, na kijana anayekopa fedha hizo kwa ajili ya lenzi anaanza kazi akiwa na deni ambalo picha za ligi hazitalilipa. Kwa hiyo twende kwenye mtumba, na huko nataka mnisikilize vizuri.

Lenzi za 300 f/4 za Canon na Nikon zilizotengenezwa miaka ya 1990 na 2000 ziko nyingi duniani, na vioo vyake bado ni vizuri sana. Ukiletewa moja, fungua vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Unatafuta kuvu: nyuzi nyembamba nyeupe, kama tandabui, ndani ya vioo. Kwetu pwani, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, unyevu unakula lenzi zilizofungiwa kwenye mikoba ya ngozi. Ukiona nyuzi hizo, rudisha lenzi na usidanganyike na punguzo. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauna madhara makubwa. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma una madhara. Kisha ivalishe kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, ulenge kitu cha karibu na cha mbali mara nyingi mfululizo huku ukisikiliza mota. Mota inayolia au kukwama iko njiani kufa, na vipuri vya lenzi kuukuu watengenezaji huacha kuvitoa. Ukitumia kamera mpya zisizo na kioo, lenzi za Canon za EF zinafanya kazi vizuri kwa adapta. Kwa Nikon, hakikisha lenzi ina mota yake ndani, kwa maana zile za zamani zinazotegemea mota ya kamera hazitalenga zenyewe kwenye adapta ya FTZ.

Pamoja na lenzi hiyo ya 300 tafuta telekonvata ya 1.4, kile kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera, cha kampuni ile ile. Inageuza 300 f/4 kuwa 420 f/5.6, na mchana hilo ni jambo zuri kwa simba wa mbali. Ile ya mara mbili iache. Inakufikisha 600 f/8, na kamera nyingi za zamani zenye kioo haziwezi kulenga zenyewe kwenye f/8.

Mwenye mapenzi ya ndege na mfuko mwepesi, na kamera mpya ya Canon isiyo na kioo, atazame ile lenzi ya 600 f/11 iliyotoka mwaka 2020. Ina gramu 930 na ilianza kuuzwa dola 699. Jua likiwaka, ISO 500 inakupa shata ya 1/1000, na hiyo inatosha kwa ndege aliyetua. Jioni iweke begini.

Hukumu yangu basi ni hii. Kijana anayeanza, mwenye kamera ya kihisi kidogo, anayepiga mpira wa mchana Jumamosi na anayeota kwenda Mikumi au Nairobi National Park: nunua 300 f/4 ya mtumba iliyo safi, na telekonvata ya 1.4, na ile fedha iliyobaki ilipe nauli na viingilio, maana picha inapatikana kwa kwenda. Ukishaijua lenzi hiyo kiasi kwamba unaona fremu kabla hujainua kamera, na kazi za usiku zikianza kuja, ndipo ufikirie f/2.8.

Na hapa nina ombi kwa wahariri wa magazeti, kwa vilabu vyetu vikubwa na kwa vyama vya waandishi wa habari za michezo. Lenzi ya 400 f/2.8 ni mzigo mzito kwa mtu mmoja, lakini chumba cha habari au chama kinaweza kununua moja, kuiwekea bima, na kuwaazima wapiga picha wa kujitegemea kwa zamu, kwa ada ndogo na kwa kitabu cha kusaini. Mashindano ya 2027 hayako mbali. Mkianza kuchangishana sasa, kwenye mstari wa goli watakaa vijana wetu wenye vifaa vinavyolingana na vya wageni.